Maji ya Kifuani: Kusimamia Safari ya Wanafunzi Kunduchi

Mzazi anaposaini fomu ya ruhusa ya safari ya Kunduchi Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji jijini Dar es Salaam, jicho lake la ndani linaona ile minara mirefu ya kuteleza. Anamwona mwanawe akishuka kwa kasi, maji yakimrukia usoni, na moyo unamlipuka. Kumbe pale mnarani ndipo penye ulinzi kuliko kwingine: mhudumu yuko juu, anaruhusu mmoja baada ya mwingine, na chini kuna mwingine anayewatoa majini. Penye hatari hasa ni lile bwawa tulivu ambalo maji yanawafika watoto kifuani, wamejaa humo hamsini au sitini wa shule mbalimbali, na walimu watano wako kivulini, kila mmoja akiamini kwamba wale wanne wengine wanaangalia.

Kama umeombwa kwenda kama mwalimu, matroni au mzazi wa kujitolea, sahau kwanza picha ya mtu anayezama kwenye sinema, akipunga mikono na kuomba msaada. Mtoto anayezama hapigi kelele. Kinywa chake kinaibuka juu ya maji kwa muda unaotosha kuvuta hewa tu, hautoshi kuita mtu. Mikono inasukuma maji chini kwa pembeni kama ya mtu anayepanda ngazi, kichwa kimelala nyuma, macho yanatazama bila kuona. Francesco Pia, mwokoaji wa ufukwe wa Orchard Beach, New York, aliyerekodi matukio ya aina hii kwa kamera, alieleza kwamba mapambano hayo juu ya maji huchukua kati ya sekunde 20 na 60 tu. Ni muda wa kujibu ujumbe mmoja wa WhatsApp. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani.

Kwa hiyo kazi yako siku hiyo ni kuwa na watoto wako. Nasema wako kwa maana ya majina: Neema, Baraka, Zuhura, na wengine walioandikwa kwenye karatasi iliyo mfukoni mwako. Tabia ya shule zetu ni kusema walimu wote wanawaangalia watoto wote, na hapo ndipo mtoto anapokosa mwenyewe. Wagawe kabla ya siku ya safari, si kwenye geti la kuingilia. Kwa darasa la kwanza hadi la nne, mtu mzima mmoja kwa watoto sita wakiwa majini ndiyo kiasi ninachokiona kinawezekana. Kwa darasa la tano hadi la saba unaweza kufika kumi, ikiwa wengi wanajua kuogelea. Shule ikisema haina watu wa kutosha, ipunguze watoto au ifanye safari mbili. Wazazi wa kujitolea wapo, na wengi wao wanakuja kwa nauli yao wenyewe wakiombwa mapema.

Ujue pia nani anaogelea kweli. Ukiwauliza watoto "nani anajua kuogelea?" mikono yote itapanda, hata ya yule ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya ndoo. Muulize mzazi kwenye fomu, kisha bado mjaribu mtoto mwenyewe kwenye maji ya kina kifupi, ukiwa umesimama naye: aelee, ageuke, arudi ukingoni. Asiyeweza avalishwe kofia au fulana ya rangi yake ya pekee na asivuke maji ya kiunoni. Yale maboya ya kujaza hewa mikononi ni mchezo tu, hayamlindi mtoto. Yanachomoka, na yanampa ujasiri asio nao. Rangi yenyewe ichaguliwe kwa akili. Fulana ya bluu ndani ya bwawa la bluu haionekani kabisa; ya chungwa kali au ya pinki inaonekana kutoka mbali.

Kuna magonjwa matatu ambayo mwalimu wa safari hapaswi kuyajulia majini. La kwanza ni kifafa: mtoto mwenye kifafa anaweza kuingia majini kama daktari wake na mzazi wamekubali, lakini akiwa na mtu mzima anayeweza kumfikia kwa mkono, muda wote. La pili ni pumu, na hapa jambo ni moja tu: dawa yake ya kuvuta iwe kwenye mkoba wa msimamizi pale ukingoni, isibaki kwenye begi ndani ya basi. La tatu ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, hivyo katika basi la watoto arobaini si ajabu ukawa naye mmoja. Maji ya baridi, upepo wa baharini kwenye ngozi iliyolowa na kukosa maji ya kunywa vyote vinaweza kumwamshia maumivu makali. Aingie kwa muda mfupi, akitoka akaushwe na kuvishwa nguo kavu papo hapo, na anywe maji hata kama hasikii kiu. Akianza kulalamika viungo au kifua, usimwambie apumzike atapona. Mpeleke hospitali.

Mwanafunzi mwenye ualbino asiachwe nyumbani, kama shule nyingine zinavyofanya kwa kisingizio cha kumwonea huruma. Anahitaji fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, kofia pana, mafuta ya kuzuia jua yanayopakwa tena kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini, na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kwa kweli ratiba hiyo ya kivuli ingewafaa watoto wote. Jua la Dar es Salaam halina adabu kwa mtu yeyote.

Mavazi ni jambo la kuzungumza na wazazi mapema, maana likiachwa hadi asubuhi ya safari litaharibu siku. Jinzi, mikanda na nguo zenye zipu au vifungo vya chuma hukwaruza njia za kuteleza na ngozi za wenzao, na sehemu nyingi za michezo ya maji huzikataa. Pamba ikilowa inakuwa nzito na inamvuta mtoto chini. Nguo laini za michezo zinazokauka haraka zinatosha, na kwa binti anayejisitiri zipo suti ndefu za kuogelea, au suruali ya kubana na fulana ndefu ya kitambaa hicho hicho. Piga simu Kunduchi uulize wanakubali nini kabla hujawaambia wazazi wanunue. Msimamizi mwanamke abebe pedi na nguo ya kubadilisha, na binti anayesema leo haingii majini asiulizwe sababu mbele ya wenzake.

Chakula. Mpishi wa shule huamka saa tisa usiku, anapika pilau, inafungwa kwenye sufuria kubwa, inapanda basi, na inafunguliwa saa saba mchana. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Pilau hiyo imekaa mara nne ya hapo, na kwenye wali kuna bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha. Ama agizeni chakula cha moto pale pale, ama bebeni vitu visivyoharibika upesi: mikate, karanga, ndizi, machungwa, mayai yaliyochemshwa asubuhi hiyo, yakabebwa na maganda yake na kuliwa mapema. Uliza pia kama wanaruhusu chakula cha kutoka nje. Na mtoto aliyeharisha siku chache kabla asiingie kwenye bwawa. Kuna vimelea vya kuharisha vinavyoitwa kriptosporidiamu ambavyo klorini ya bwawa haiviui kwa siku kadhaa, hivyo mmoja anaweza kuwagawia darasa zima.

Sasa usafiri, ambao kwa mtazamo wangu ndio unaostahili kikao kirefu kuliko vyote. Mei 2017, huko Rhotia, Karatu, basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Tangu hapo mzazi anayeuliza kuhusu basi kabla ya kuuliza kuhusu bwawa ana haki yake. Kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake. Ule mtindo wa "wadogo watatu siti mbili" ukataliwe hata kama unapunguza mchango. Dereva awe amelala usiku uliotangulia. Msimamizi mmoja akae mbele, mwingine nyuma kabisa.

Shule za Morogoro zina njia nyingine tangu Juni 2024, treni ya reli ya kisasa (SGR), inayofika Dar es Salaam kwa kama saa mbili badala ya kuhangaika na malori ya Chalinze na Mlandizi. Lakini kumbuka kwamba stesheni iko katikati ya jiji na Kunduchi iko kaskazini, nje ya barabara ya Bagamoyo, hivyo basi la kuwachukua stesheni lazima liwe limelipiwa na dereva wake ajulikane. Foleni ya jioni ya barabara hiyo haina huruma na tiketi ya treni. Jua linazama Dar kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima halipishani sana; watoto wawe wametoka majini saa tisa, si saa kumi na moja. Watalia. Waache walie.

Kuhesabu ni kwa majina, si kwa vichwa. Siku za likizo na mwisho wa wiki shule nyingi hukutana pale, na hesabu ya "arobaini, wametimia" inaweza kuwa sahihi huku mmoja wenu yuko chooni na mtoto wa shule nyingine amepanda basi lenu kwa kumfuata rafiki mpya. Ita jina, uone uso, weka alama. Fanya hivyo mkishuka, mkiingia, kabla ya kula, baada ya kula, mkitoka na kabla basi halijawashwa. Mtoto avae utepe wa mkononi wenye namba ya simu ya kiongozi wa safari. Jina lake lisiandikwe pa kuonekana, maana mgeni anayemwita mtoto kwa jina huaminiwa upesi.

Ukingoni mwa bwawa pawe na zamu, mbali na wasimamizi wenye makundi yao. Mtu mmoja kwa kila bwawa, amesimama, filimbi shingoni, simu amempa mwenzake, dakika 15 au 20 kisha anapokelewa. Anayepokea aseme kwa sauti "nimepokea," na wa kwanza asiondoke kabla ya kusikia hivyo. Waokoaji wa pale wapo, lakini wanaangalia umati mzima. Wewe unaangalia sita. Chakula cha walimu kiliwe kwa mafungu mawili. Wakati mbaya kuliko wote ni pale sahani za wakubwa zinapofika na watoto walioshiba wanarudi majini wenyewe. Na bahari, ambayo iko hapo hapo nje ya uzio, isiwepo kwenye ratiba kabisa, hata kwa kupiga picha: ina maji kujaa na kupwa, haina mwokoaji wako.

Mtoto asipoonekana, tafuta majini kwanza. Watu hukimbilia vyoo, kantini na geti, na huko mtoto anaweza kusubiri dakika kumi bila kudhurika, majini hawezi. Mmoja apige filimbi ili watu wote watoke majini, mwingine asimame getini, wa tatu ndiye aende vyooni.

Akitolewa majini hapumui, msimninginize miguu juu wala kumbonyeza tumbo ili maji yatoke; mnapoteza sekunde na mnaweza kumsababishia kutapika na kupaliwa. Mlazeni chali, inueni kidevu, mumpe pumzi za mdomo kwa mdomo kwanza, maana tatizo lake ni hewa, kisha kubonyeza kifua mara 30 kwa pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Angalau wasimamizi wawili wawe wamefundishwa hili kwa vitendo. Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Namba za kuwa nazo ni 112 ya polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo inahusu pia ukatili.

Kuhusu ukatili huo, vyumba vya kubadilishia nguo visimamiwe na wanawake wawili upande wa wasichana na wanaume wawili upande wa wavulana, asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto. Picha za watoto wakiwa na nguo za kuogelea zisiwekwe kwenye "status" ya mwalimu wala kurasa za shule bila idhini ya maandishi ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtoto pia.

Mkirudi shuleni kila mtoto akabidhiwe kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu, na mzazi aambiwe ukweli wa siku: aliyeteleza akagonga kichwa, aliyetapika, aliyemeza maji. Huyo wa kumeza maji ndiye wa kusisitiza. Akiendelea kukohoa, akipumua kwa shida au akisinzia kuliko kawaida katika saa zinazofuata, aende hospitali usiku huo huo na daktari aambiwe kwamba mchana alikuwa bwawani. Kiongozi wa safari asizime simu hadi asubuhi.