Mgeni Tusiyemjua Ndani ya Kompyuta Yetu



Katika likizo ya mwezi wa Juni lilitokea jambo nyumbani kwetu ambalo lilinifunza mengi, nami nimeona si vyema kulificha. Nataka kuwaelezeni namna ya kuchunguza kazi ambazo kompyuta huzifanya chini kwa chini, bila ya mtu kuziagiza, na jinsi ya kumpambanua mtumishi wa kweli na mwizi aliyevaa nguo za mtumishi.

Mama yangu hushona sare za shule. Vipimo vya wateja na madeni yao yote huviandika katika kompyuta iliyoko sebuleni, ambayo huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Likizo ilipoanza tuliona mambo mawili. La kwanza, feni ya kompyuta ilivuma kwa nguvu wakati hapana mtu aliyekaa mbele yake. Mtu akigusa kipanya, baada ya kitambo kidogo ilinyamaza. La pili, yuniti 30 za luku, ambazo tulizoea kuzitumia kwa wiki mbili, ziliisha kabla ya siku ya kumi kutimia.

Mimi nilisema upesi kwamba mwenye kosa ni mdogo wangu, aliyeko darasa la sita. Nilidai kuwa amejaza michezo katika kompyuta, na kwamba huicheza kwa siri. Baba aliniamini kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, akamkataza kuigusa. Mtoto alilia na kuapa kuwa hakufanya neno. Kisha Baba akaamua kumwita fundi aifute kompyuta yote ianze upya. Mama akashtuka, maana daftari lake la madeni halikuwa na nakala popote. Akaomba, "Baba Asha, tungoje kidogo." Baba akanigeukia, akasema, "Wewe mwanangu unajisifu kujua mitambo. Nakupa siku tatu."

Kwanza nilinakili daftari la Mama katika flashi. Kisha nikabonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na dirisha liitwalo Task Manager likafunguka. Hapo huandikwa majina ya programu zote zinazofanya kazi wakati ule. Nilidhani nitaona tano au sita. Niliona zaidi ya mia! Macho yangu yakaangukia jina moja, System Idle Process, lililokuwa limechukua sehemu 92 katika kila 100 za nguvu za mtambo. Nikapiga kelele, "Mwizi nimempata!" Nikajaribu kulisimamisha, kompyuta ikakataa.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wetu wa kompyuta. Alicheka, akanieleza kuwa jina lile si la mfanya kazi hata kidogo. Ni hesabu ya muda ambao mtambo umekaa bure. Ikiwa imeandikwa 92, maana yake ni kwamba kazi halisi ni 8 tu. Basi mimi nilikuwa nimemkamata asiyefanya kazi nikamwita mwizi!

Mwalimu akanionya pia nisifute kitu kwa sababu tu sikijui jina lake. Alinisimulia kuwa katika mwaka 2002 barua za uongo zilienea duniani kupitia kompyuta, zikisema kwamba faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo, ni kirusi, na kila mtu alifute. Wengi walilifuta kwa mikono yao wenyewe, kumbe lilikuwa faili halali la Windows. Hakukuwa na kirusi; uharibifu waliufanya wenyewe kwa hofu.

Akanifundisha maswali ya kumuuliza kila mgeni. Je, amefanya kazi kwa muda gani? Anakaa wapi? Ameingia lini? Jina si ushahidi, kwa maana jina huweza kuibwa.

Niliporudi nyumbani niliiacha kompyuta ikifanya kazi mchana kutwa bila ya kuguswa. Jioni nikafungua dirisha lile, katika ukurasa wa Details, nikaongeza safu iitwayo CPU time. Safu hii huonyesha jumla ya muda ambao kila programu imeutumia mtambo tangu ilipoanza. Ndiyo maana mwizi hawezi kuikwepa kwa kunyamaza tu anapokuona umekuja. Alichokwisha kula kimeandikwa.

Nikaona majina mengi ya svchost.exe. Msishangae kuyaona, kwani svchost.exe ni mtumishi halali wa Windows, ambaye kazi yake ni kubeba huduma nyingine, kama ile ya saa. Tangu mwaka 2017, kompyuta za Windows 10 zenye kumbukumbu ya kutosha huzipa huduma nyingi kila moja mchukuzi wake, na kwa hiyo majina hayo huweza kupita hamsini. Lakini wengine wote walikuwa wametumia sekunde au dakika chache. Mmoja alikuwa ametumia muda wa saa 6 na zaidi.

Nikabofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua kuonyeshwa mahali faili lilipo. Svchost ya kweli hukaa ndani ya C:\Windows\System32. Huyu alikuwa ndani ya AppData, kabati la mambo ya mtumiaji. Programu halali nyingi hukaa huko pia, lakini svchost si mwenyeji wa huko.

Likabaki swali la tatu. Nikatazama tarehe ya kuundwa kwa faili lile, nikahisi baridi mwilini. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, ambayo mdogo wangu alikuwa kwa Bibi kijijini. Siku hiyo mimi mwenyewe nilipachika mchezo wa mpira usiolipiwa, niliopewa katika flashi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikata intaneti, kisha nikaagiza Defender, mlinzi wa Windows, aikague kompyuta yote. Akaikamata programu ile. Ilikuwa ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu asiyejulikana, kwa umeme wa Baba. Hesabu yake ni nyepesi: mtambo ukitumia wati 100 zaidi kwa saa 10, hiyo ni yuniti 1 nzima kila siku. Yuniti 30 zilizotosha siku 14 hazitoshi tena hata siku 10. Mwisho nilitazama orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, nikaondoa alama zilizobaki, nikaufuta mchezo, na nikabadilisha maneno ya siri yote kwa kutumia simu ya Mama, maana aliyeingia nyumbani huenda alichungulia na makabati mengine.

Usiku ule nilisimama mbele ya Baba na Mama, nikamwambia mdogo wangu, "Nisamehe ndugu yangu. Nilikusingizia, kosa ni langu." Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ulipomshitaki mwenzio ulikuwa na ushahidi gani?" Sikuwa na jibu. Adhabu ya mdogo wangu ikahamia kwangu kwa mwezi mzima, nami niliiona ni ya haki.

Basi wenzangu, yashikeni haya. Wekeni nakala ya kazi zenu kabla ya kugusa lolote. Msifute kwa hofu. Msiamini jina; ulizeni kazi, makao na siku ya kuingia. Msipachike vitu vya bure ambavyo hamjui vimetoka wapi. Na kabla ya kumnyoshea mwenzio kidole, chunguza kwanza, kwa kuwa faili likifutwa kwa makosa laweza kurudishwa, lakini machozi ya mtu uliyemsingizia hayarudi machoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu