Mfupa wa Ishango ulihesabu kwa lugha gani?

Katika mijadala yetu ya isimu, mfupa wa Ishango hutajwa kama ushahidi kwamba lugha zetu za Kibantu zilikuwa na hesabu kabla ya Misri. Naona hapo tunachanganya kuhesabu na maneno ya kuhesabia.

Mfupa wenyewe ulichimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward, Kivu ya Kaskazini. Ni mdogo, sentimita 10 hivi, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000. Leo uko Bruxelles (mbali na Ishango, lakini hiyo ni makala nyingine). Umechanjwa chale katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya chale 11, 13, 17 na 19. Ya pili 11, 21, 19 na 9. Jumlisheni: kila moja inatoa 60. Safu ya tatu inaanza na 3 kisha 6, halafu 4 kisha 8, kana kwamba mtu anazidisha kwa mbili. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi.

Lugha za Kibantu zilifika kwenye Maziwa Makuu miaka 3,000 hivi iliyopita. Basi aliyechanja mfupa ule hakusema "kumi" wala "ikumi" ya Kishi.

Tulinganishe na Wamaya. Wao waliandika namba kwa nukta ya moja, mstari wa tano na alama ya sifuri, wakihesabu kwa ishirini. Mwaka 1952 Yuri Knorozov alionyesha kwamba maandishi yao yana alama za silabi, na usomaji huo uliweza kupimwa kwa sababu lugha za Kimaya bado zinasemwa Guatemala na Mexico. Ishango idadi inasomeka, neno halisomeki.

Kwa anayetafuta mada ya utafiti, majina ya namba yenyewe yana mengi ya kusema. Kiswahili kimechukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, lakini wazee wa pwani walikuwa na "kenda" kwa tisa. Waulizeni Wanyarwanda: wao husema "icyenda" hadi leo.