Kona ya Dada: compareTo Ipo, Java Inasema Haipo

*Dada, nina klasi Mwanafunzi, nataka kuwapanga wanafunzi kwa alama. compareTo nimeiandika, ipo, naiona kwa macho yangu! Lakini Java inasema klasi yangu si abstract na haijaandika upya compareTo(Object) ya Comparable. Nikaweka abstract, sasa inagoma kwenye new. Nifanyeje?*

Mdogo wangu, kwanza futa hiyo abstract. Kompaila haikukutuma uiweke. Klasi ikishakuwa abstract huwezi kuiundia kitu kwa new, ndiyo maana kosa limehama badala ya kuisha.

Sasa tazama ndani ya mabano ya ule ujumbe: Object. Wewe, naamini, umeandika compareTo(Mwanafunzi m). Java haitambui methodi kwa jina tu, inaangalia na aina ya parameta. Kwa hiyo compareTo yako ni nyingine, na ile inayodaiwa bado hujaileta.

Ujumbe ukitaja compareTo, mtu hukesha akiikagua methodi ambayo haina tatizo. Namba ya mstari, lakini, inaonyesha pale juu ulipoandika implements Comparable. Hapo ndipo penye kasoro: hukusema unalinganisha na nani. Andika implements Comparable<Mwanafunzi>, methodi iache kama ilivyo.

Na hiyo Object imetoka wapi? Kabla ya Java 5 ya mwaka 2004 hakukuwa na hizo alama za mshale. compareTo ya Comparable ilipokea Object. Java bado inaruhusu mtindo huo kwa ajili ya kodi za zamani, basi ukiacha kutaja aina, inakuhesabu uko huko.

Jizoeze pia kuweka @Override juu ya kila methodi unayoandika upya. Aina zisipooana, utapata kosa juu ya methodi yenyewe. Faida yake utaiona zaidi kwenye equals. Ukiandika equals(Mwanafunzi m) bila @Override, kompaila haitasema kitu, kwa sababu equals(Object) tayari umeirithi. Programu itakimbia vizuri tu, kisha contains ya ArrayList inaweza kukujibu kwamba mwanafunzi hayumo, na alama zake unaziona kwenye skrini.

Rekebisha mstari ule mmoja, kompaili tena, halafu niambie kama Collections.sort imewapanga.