Wiki za Kungoja: Kwa Anayesubiri Upasuaji wa Saratani, Kisii na Nyamira

Daktari amekupa tarehe. Pengine ni wiki tatu kutoka leo, pengine miezi miwili. Umerudi nyumbani Ogembo, Keroka au Nyansiongo, kadi ya kliniki umeikunja pamoja na kitambulisho, na jirani wa kwanza kukujulia hali anakuuliza: "Sasa mtafanya nini hadi siku hiyo?" Wengi hujibu, "Tunangoja tu."

Kijitabu hiki kinahusu hilo neno "tu". Mwili utakaolazwa juu ya kitanda cha upasuaji unatengenezwa nyumbani, jikoni na njiani, katika wiki hizo hizo ambazo familia inadhani hakuna la kufanya. Anayefika akiwa na nguvu kidonda chake hufunga upesi, mapafu yake hayapati nimonia kirahisi, na hutoka wodini mapema. Tumekiandika kwa mgonjwa na kwa anayempikia. Mara nyingi huyu wa pili ndiye atakayekisoma hadi mwisho.

Unangojea nini hasa?

Kuna kungoja kunakokufaa. Daktari anataka majibu ya kipimo cha nyama, picha ya sitiskani au kipimo cha moyo. Au anataka upate kemotherapia kwanza uvimbe upungue ndipo akate. Kuna na kungoja kwa foleni: vitanda vimejaa, mashine imeharibika, pesa hazijatimia. Muulize daktari waziwazi kwako ni kupi. Una haki ya kujua, na si utovu wa adabu kuuliza.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliojumlisha tafiti kutoka nchi nyingi, uligundua kwamba kwa saratani kadhaa kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8. Tunalitaja hili ili usije ukaongeza wiki zako juu ya zile za hospitali. Tarehe ikifika, nenda, hata kama kuna mazishi kwa wajomba, hata kama kuna mganga aliyeomba apewe mwezi mmoja ajaribu.

Wengine watafanyiwa upasuaji hapa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Wengine hutumwa Tenwek, kaunti ya Bomet, ambako wagonjwa wa saratani ya umio, ile tunayoiita ya koo, wamekuwa wakitibiwa kwa miaka mingi. Wengine Hospitali ya Moi mjini Eldoret. Wengine Nairobi, Kenyatta au Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Popote utakapotumwa, acha nambari mbili za simu, na ya pili iwe ya mtu anayepokea hata nambari asiyoijua. Tarehe husogezwa mbele na nyuma. Nafasi ikipatikana ghafla na simu yako imezimwa kwa kukosa chaji, nafasi hiyo huenda kwa mwingine.

Chai si chakula

Mazungumzo haya hurudiwa kila siku ya kliniki.

"Mama, umekula nini leo?"

"Nimekunywa chai."

"Na jana saa saba?"

"Obokima kidogo na chinsaga."

"Usiku je?"

"Sikuwa na hamu, mwanangu. Nilikunywa chai."

Sisi ni watu wa majani chai. Tunayachuma, tunayauza, na mgeni hatoki nyumbani kabla ya kikombe. Lakini chai yenye maziwa kidogo na sukari nyingi hujaza tumbo na kuua hamu, na mwili wenye saratani unaendelea kula misuli yake wenyewe. Misuli hiyo ndiyo itakayokuinua kitandani baada ya upasuaji.

Anayejiandaa kwa upasuaji anahitaji protini kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama 6. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15, kikombe cha maziwa kama 8. Mayai mawili, vikombe viwili vya maharagwe na vikombe vitatu vya maziwa kwa siku vinakufikisha 66, na uji wa wimbi, omena au njugu vinamalizia zilizobaki. Hakuna kitu hapo kinachotoka dukani Nairobi. Nyama ikipatikana ni sawa. Isipopatikana, usiuze ng'ombe wa maziwa ili mgonjwa ale nyama wiki moja, kwa maana maziwa yake yana faida zaidi kwa wiki nane. Aliyewahi kuambiwa figo zake zina shida aulize daktari kwanza kabla ya kuongeza protini.

Kuhusu damu. Wagonjwa wengi huambiwa damu yao iko chini, na papo hapo familia hununua kila kinywaji chekundu kinachopatikana sokoni Daraja Mbili. Rangi nyekundu haigeuki damu. Kinachojenga damu ni madini ya chuma: yamo ndani ya maini, nyama, omena, maharagwe, na mboga zetu za majani kama chinsaga na managu. Sasa rudi kwenye chai. Ikinywewa pamoja na chakula, chai huyakamata madini hayo tumboni yasiingie mwilini. Kunywa chai yako saa moja baada ya kula, na badala yake mezani weka chungwa, pera au kamulia limau kwenye mboga. Vitamini C iliyomo huyasaidia madini kuingia. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, vimeze kama ulivyoelekezwa, na usivimeze kwa chai.

Kama chakula kinakwama kooni, usijilazimishe obokima ngumu kwa kuona aibu ya kula kama mtoto. Uji wa wimbi uliopikwa na maziwa na njugu zilizosagwa, avokado iliyopondwa, maziwa mala, mayai laini, supu nzito ya maharagwe yaliyochujwa: kula kidogo kidogo mara sita kwa siku, ukiwa umeketi wima, na usilale mara baada ya kula. Acha uji na chai vipoe. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, kwa hiyo ushauri huu unamfaa hata anayekupikia. Na siku maji yatakapoanza kukwama, hiyo si siku ya kubuni mapishi mapya, rudi hospitali. Kuna kimrija cha kuzibua umio, na kuna mrija wa kulishia unaopitishwa tumboni. Kuwekewa mrija maana yake ni kwamba wanataka uishi hadi siku ya upasuaji.

Jipime kila wiki kwenye mizani ile ile, zahanati au duka la dawa, na uandike. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi mmoja, kliniki iambiwe mara moja, isingojewe tarehe.

Usifanywe mgeni nyumbani kwako

Kwa upendo mwingi tunawadhuru wagonjwa wetu. Akisema "saratani" tu, anatandikiwa kochi, ananyang'anywa jembe na ndoo, hata kikombe anapokonywa mkononi. Wiki nne za kulala zinamaliza miguu. Tembea. Milima yetu ya Manga na Marani inatosha kuwa mazoezi, huhitaji uwanja. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Asiyeweza 30 aanze na tano hadi kwenye lango na kurudi, kesho aongeze. Aliye dhaifu zaidi aketi kitini na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, asubuhi na jioni. Mwache mama achume mboga zake mwenyewe. Gunia la majani chai ndilo asibebe.

Mapafu nayo yana zoezi lake. Keti wima, vuta pumzi ndefu kwa pua hadi tumbo lijae, ishike ukihesabu hadi tatu, itoe polepole kwa mdomo. Mara kumi, kisha kohoa mara mbili ukikumbatia mto tumboni. Fanya hivyo mara kadhaa kila siku. Baada ya upasuaji utaambiwa ufanye hivyo hivyo huku kidonda kikiuma, na ni rahisi zaidi kwa aliyezoea.

Sigara na ugoro viache leo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba anayeacha tumbaku wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza matatizo ya moyo, mapafu na kidonda, na kila wiki inayoongezeka baada ya hapo inamfaidi zaidi. Pombe pia iachwe, ila kuna tahadhari ambayo watu hawaambiwi: aliyekuwa akinywa chang'aa kila siku kwa miaka asiiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kupata kifafa. Amwambie daktari ukweli wa kiasi anachokunywa, asimamiwe.

Maumivu na maneno ya watu

Maumivu yasiyotulizwa hukunyima usingizi, chakula na matembezi, yaani yote tuliyoyasema hapo juu. Omba dawa. Ukipewa mofini ya maji usikimbie. Watu husema ni dawa ya wanaokufa. Ni dawa ya maumivu makali, na wengi huitumia, wakafanyiwa upasuaji na kuiacha. Hufunga choo, basi uliza dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza, unywe maji na kula papai. Ulizia pia wahudumu wa tiba shufaa: kazi yao ni maumivu, hofu na familia, tangu siku ugonjwa unapojulikana.

Saratani haiambukizwi kwa kikombe, kitanda wala kukumbatiana. Wala hairushwi na jirani. Tunajua linalonong'onwa mtu akikonda ghafla, na tunajua linaishia wapi: Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mgonjwa anayetajiwa "aliyemroga" hapati nafuu hata ya siku moja, anapata uchungu mwingine juu ya ule wa kwanza. Maombi ni mema, mchungaji na aombe. Ila mchungaji akikuambia uache dawa au uruke tarehe, hapo msalimie kwa heshima uende zako.

Kwa wanaosema kisu si jambo la Mgusii, tukumbushane kuhusu ababari. Kabla ya hospitali kuja, wazee hao walifungua fuvu la aliyeumia kichwa na kuteseka kwa maumivu, wakaondoa kipande cha mfupa, na wagonjwa wengi waliishi. Watafiti wa ng'ambo walisafiri hadi hapa kuwaona. Hawakuwa na nusukaputi. Wewe utakuwa nayo.

SHA, nauli na damu

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Kadi ya zamani haitoshi: jisajili kwa kupiga *147#, na msajili anayekutegemea. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima na mfanyabiashara hupimiwa kipato, mchango wa chini kabisa ukiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa mwaka mzima mara moja. Fanya hivyo sasa. Kuna waliofika langoni alfajiri ya upasuaji ndipo wakajua mchango haujalipwa. Pita dawati la SHA katika hospitali yako uulize mambo mawili: kibali cha upasuaji wangu kimeombwa? Familia yangu imebakiwa na kiasi gani cha malipo ya SHA mwaka huu? Kisha chama au harambee iwekwe kwa ajili ya yale ambayo SHA hailipi: nauli, malazi ya anayekusindikiza, simu.

Damu itafutwe mapema. Wachangiaji wawe na miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, wenye afya. Mchangiaji mmoja akienda Kisii mjini leo ni bora kuliko matatu iliyojaa ndugu usiku wa dharura.

Siku za mwisho

Dawa zote unazotumia, za presha, sukari, za kuzuia damu kuganda na za mitishamba, zipeleke kwa daktari wa nusukaputi zikiwa mkononi, kwenye pakiti au chupa zake. Mitishamba iache angalau wiki mbili kabla. Mingine huzuia damu kuganda, na hakuna anayejua kipimo kilichomo. Lala ndani ya neti, kwa maana malaria ya wiki ya mwisho huahirisha upasuaji. Ukiwa na homa au kikohozi, usifiche ili usipoteze nafasi: piga simu.

Kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla ya nusukaputi na maji saa 2 kabla. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula. Kama chakula hukwama kooni, muda wako ni mrefu zaidi, fuata uliloambiwa wewe. Kucha ziwe bila rangi wala hina, kwani kidoleni ndipo hewa yako inapopimwa.

Usingoje tarehe wala kliniki ukiona haya: kutapika au kunya damu, au choo cheusi kama lami, kushindwa kumeza hata mate, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, tumbo kujaa na kushindwa kutoa hata hewa, kutokwa damu nyingi ukeni. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, na kadi yako.

Kata ukurasa huu, uubandike karibu na meko.

Tarehe yangu ya upasuaji: ..........
Simu ya wodi au kliniki: ..........
Mtu wa pili wa kupigiwa: ..........
Waliokubali kutoa damu: ..........
Uzito wangu leo: ..........
Jumapili ijayo: ..........