Mimea ya kusafisha udongo wa migodi isifike sahanini

Mgodi unapofungwa wachimbaji huenda zao, lakini sumu hubaki. Kwenye vifusi vilivyoachwa huwa kuna madini mazito kama risasi, zebaki, aseniki na kadmi. Madini haya hayaozi. Huingia mwilini kupitia vumbi, maji na chakula. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, nayo kadmi huharibu figo.

Tazama mji wa Kabwe, Zambia. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka wa 1994, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wamepatikana na risasi nyingi katika damu. Dawa ya kuitoa ipo. Hata hivyo, mtoto akitibiwa kisha arudi kucheza katika vumbi lile lile, matibabu hayo hupotea bure. Ni lazima udongo nao utibiwe, na mimea yaweza kusaidia kwa njia mbili.

Kufyonza

Baadhi ya mimea huvuta madini kwa mizizi na kuyapandisha hadi kwenye majani. Mwaka wa 2001 wanasayansi wa Florida, Marekani, walieleza kwamba aina moja ya kangaga, Pteris vittata, hukusanya aseniki nyingi bila kufa. Majani hukatwa na kupelekwa mahali salama. Hayalishwi mifugo, hayafanywi mbolea wala kuni. Kazi hii huchukua miaka mingi.

Kufunika

Risasi hushikamana sana na udongo, hivyo ni vigumu mimea kuivuta. Inayofaa hapo ni nyasi na miti ya kufunika vifusi. Mizizi hushika udongo, mvua isiusombe hadi mtoni wala upepo usipeperushe vumbi hadi nyumbani. Sumu bado ipo, lakini haitembei. Eneo hilo halifai kulimwa wala kulishia mifugo.

Mboga je?

Hapa ndipo penye hatari. Mboga za majani, kama mchicha na sukuma wiki, nazo huweza kufyonza madini haya, hasa kadmi, huku zikionekana kijani na zenye afya. Kuosha huondoa vumbi la juu tu. Kilicho ndani ya jani hakitoki kwa maji wala kwa moto.

Kwa hivyo, ikiwa wewe au jamaa zako mnaishi karibu na machimbo, kama yale ya dhahabu huko Migori ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki, zingatieni haya:

- Msipande chakula juu ya vifusi vya mgodi au kando yake.
- Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wasichezee vifusi.
- Futeni vumbi nyumbani kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia likiwa kavu.
- Mtoto akichelewa kusema, akiumwa tumbo mara kwa mara au akipungukiwa damu, mwelezeni daktari mnakoishi ili aamue kama damu ipimwe.

Daktari asipoambiwa kuhusu mgodi, huenda akatibu minyoo.