SOMO: KUPELEKA FAILI KWENYE PRINTA KWA MSTARI WA AMRI



Lengo la somo hili ni kumwezesha katibu kupeleka orodha ya malipo kutoka kompyuta hadi kwenye printa ya mlango wa siriali, pasipo jina la mwanachama yeyote kupotea njiani. Katika mlango huo biti hupita moja baada ya nyingine, mithili ya watu wapitao mlango mwembamba.

1. Mapatano ya pande mbili

Kompyuta na printa hazina budi kwenda mwendo mmoja. Soma kitabu cha printa upate kanuni zake. Tuseme ni biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za herufi, bila pariti, na biti 1 ya kufungia. Ukiongeza biti 1 ya kufungulia, kila herufi huchukua biti 10. Hivyo herufi 960 hupita kila sekunde. Mwendo ukihitilafiana, karatasi hutoka na alama zisizosomeka.

2. Amri zenyewe

Katika Windows, andika kwanza masharti, kisha upeleke faili:

mode COM1: baud=9600 parity=n data=8 stop=1 octs=on
copy /b malipo.txt COM1

Katika Linux:

stty -F /dev/ttyS0 9600 cs8 -parenb -cstopb crtscts
cat malipo.txt > /dev/ttyS0

Kebo ikipitia tundu la USB, jina la mlango katika Linux aghalabu huwa /dev/ttyUSB0.

3. Ishara ya kusubiri

Hapa ndipo penye hatari. Chukua mfano wa printa ichapayo herufi 200 kwa sekunde, hali inapokea 960. Herufi 760 hubaki zikingoja kila sekunde. Ghala lake la kumbukumbu likiwa la herufi 8192, litajaa kwa takriban sekunde 11; zitakazofuata zitamwagika kama nafaka katika gunia lililojaa. Maneno octs=on na crtscts huiamuru kompyuta isimame mpaka printa iwe tayari. Lakini ishara hiyo yahitaji waya wake. Kebo yenye nyaya za kutuma, kupokea na ardhi pekee haiwezi kuipitisha.

4. Uhakiki

Amri kumalizika bila lawama si ushahidi kwamba orodha imechapwa yote. Kompyuta hujua ilichotuma. Haijui kilichofika kwenye karatasi. Kwa hiyo:

(a) Anza na faili fupi la majaribio, kisha jaribu refu.
(b) Kila mstari uwe na namba yake, na mstari wa mwisho uwe na jumla ya fedha.
(c) Linganisha karatasi na daftari kabla ya kutia sahihi.

Mwanachama aliyeleta mazao yake halafu akaambiwa siku ya malipo kwamba jina lake halimo, hatailaumu kebo. Atakishuku chama, na imani iliyovunjika ni ghali kuliko waya.

Maswali ya kujadili

1. Faili la herufi 19,200 litachukua sekunde ngapi kupita kwa mwendo wa 9600, endapo printa haisimamishi?
2. Kwa nini faili fupi laweza kuchapwa salama, na refu likapoteza mistari?
3. Katika chama chenu, nani huhakiki orodha baada ya katibu?