Kuchagua Kipima Kaboni Monoksidi cha Gari la Kulala

Huko Ulaya na Marekani watu wengi husafiri kwa magari yenye vitanda na jiko ndani yake. Usiku wa baridi madirisha hufungwa, hita ya gesi huwashwa, na jamaa hulala. Iwapo moto haupati oksijeni ya kutosha, gesi haiungui kikamilifu, nayo hutoa kaboni monoksidi (CO). Hewa hii ya sumu haina rangi wala harufu. Ikifika mapafuni, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huweza kufa pasipo kuamka.

Udogo wa chumba huongeza hatari. Tuchukue gari ambalo ndani lina urefu wa meta 4, upana wa meta 2 na kimo cha meta 2. Ujazo wake ni meta za ujazo 16. Ili kufikia sehemu 300 za CO katika kila sehemu milioni za hewa, zatosha lita 4.8, yaani chini ya robo ya ndoo ya lita 20.

Ndani ya kipima cha kielektrokemia, CO hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, na elektroni zitokazo hufanya mkondo wa umeme:

CO + H₂O → CO₂ + 2H⁺ + 2e⁻

Kadiri gesi inavyozidi, ndivyo mkondo unavyozidi. Lakini sumu hujilimbikiza katika damu. Hivyo kipima hupima kiasi pamoja na muda. Kwa kanuni ya Ulaya EN 50291, penye sehemu 50 katika milioni kengele hulia kati ya dakika 60 na 90. Penye sehemu 300, kabla ya dakika 3 kwisha.

Mnunuzi aangalie mambo matatu:

1. Kiwe na alama ya EN 50291-2, sehemu ihusuyo magari na mashua, ambamo kuna mtikisiko.
2. Kiwe cha CO hasa. Kipima moshi hakiwezi kushika nafasi yake.
3. Tarehe ya mwisho wa matumizi iwe bado mbali, kwani kemikali zake huchakaa hata kengele ikiwa nzima.

Hata hivyo, kipima huonya tu, hakiondoi sumu. Matundu ya hewa yasizibwe, wala jiko la mkaa lisiingizwe mahali pa kulala, liwe gari huko ugenini au chumba hapa kwetu.

Zoezi: Pima darasa lenu. Ni lita ngapi za CO zingelifikisha kwenye sehemu 300 katika milioni?